Mrudisheni Mume Wangu Ghalani Kabla Nyumba Haijaisha

Nyumba za Shirika, karibu na stesheni,
Itigi.
Julai, 1995

Kwa Meneja wa Mkoa,
Singida.

Ndugu Meneja,

Salamu kutoka Itigi. Huku alizeti imeshavunwa, upepo ni ule ule wa kiangazi, na mimi niko salama isipokuwa kidole kimoja kilichobanwa na mlango, ambao nitaueleza hapa chini. Natumaini nawe u mzima, na mama nyumbani kwako pia.

Mimi ni mke wa Antipasi Gervas, Baba Ritha, aliyekuwa mtunza ghala wenu hapa Itigi mpaka barua za kupunguza wafanyakazi zilipofika. Unamjua. Ni yule mrefu mwenye koti la kaki, ambaye ulipokuja kukagua alikataa kukufungulia ghala kwa kuwa hukuwa na kibali, ingawa vibali vyenyewe ulikuwa unatoa wewe.

Siandiki kukulaumu. Siku ulipokuja kutusomea sababu nilikuwa nimesimama nyuma pamoja na akina mama wengine, nikakusikiliza vizuri. Ulisema shirika linapata hasara, watu ni wengi kuliko kazi, nchi imeingia kwenye soko huria, na kila mtu sasa ajitegemee. Nilielewa. Ulichosahau kutuambia ni kwamba hasara ukiitoa ofisini haifi. Inahama. Hii ya kwenu ilihamia kwangu, ikaja na koti lake la kaki na kikombe chake cha chai, na tangu hapo inajitegemea humu ndani.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, nisije nikakupotezea muda wa kazi.

1. KUHUSU MILANGO

Nyumba hii unaifahamu, maana ni nyie mliompa kama sehemu ya mafao yake. Ni ya enzi za Mwingereza. Ina milango ya mninga, vitasa vizito, na bomba uani. Haikuwa nyumba ya kumwonyesha mtu, lakini kila kitu kilijua kazi yake.

Sasa, Bi Mwantum mwenye duka hufungia sukari kwa magazeti. Siku hizi magazeti yamekuwa mengi, na sukari yetu huja na habari za kila aina. Katika karatasi moja Baba Ritha akakuta ukurasa unaofundisha namna ya kuifanya nyumba ya zamani iwe mpya bila gharama. Ulianza na milango. Toa mlango kwenye bawaba. Ulaze chini. Upige msasa mpaka mbao ionekane. Kisha chukua. Hapo karatasi ilikuwa imechanwa.

Mtu mwingine angesubiri ajue kinachochukuliwa ni nini. Baba Ritha alitoa milango yote, akailaza uani, akaipiga msasa, ndipo akanituma dukani kutafuta nusu ya pili.

"Mama Ritha, nusu hiyo nimemfungia Padri chumvi," akasema Bi Mwantum. "Wahi, huenda bado hajaifungua."

Nikaenda kwa Padri. Mpishi wake alikuwa ameshawashia jiko.

Tukakaa bila milango, tukitazamana kila mahali tulipokuwa. Mwishowe Baba Ritha akaamua kuirudisha kwa akili yake. Lakini milango ile ilikuwa imepigwa msasa pande zote, na hakuna uliokubali tena kwenye fremu yake ya zamani, kwa hiyo kila mmoja akauweka pale ulipoenea. Mlango wa bafuni, ule wenye bati kwa chini, sasa ndio wa sebuleni, na ndio ulionibana kidole. Mlango wa sebuleni, wenye kioo katikati, umekwenda bafuni.

Bafu letu liko uani na linatazama njia ya kwenda kanisani. Jumamosi moja nilikuwa naoga, vijana wa kwaya wakapita kwenda mazoezini. Ni vijana waliolelewa vizuri, hawawezi kumpita mtu mzima bila salamu. Wakasimama mbele ya kioo. "Shikamoo, mama." "Shikamoo, mama." Mmoja mmoja, kuanzia sauti ya kwanza. Nami, povu likiwa kichwani na kopo mkononi, nikaitikia marahaba mpaka wa besi wakamalizika.

Nilipomweleza Baba Ritha alifikiri kidogo, akasema, "Lakini umeona mwanga unavyoingia?"

2. KUHUSU BOMBA

Bomba la uani lilikuwa linadondosha matone tangu tuhamie. Nilikuwa nimelizoea. Naweka ndoo jioni, asubuhi napata maji ya chai bila kuligusa.

Safari hii karatasi ilikuja na bagia. Ilisema usinunue mpira mpya wa bomba, kata wa kwako kwenye kitu chochote kilichochakaa. Baba Ritha akakata kisigino cha makatambuga yake ya tairi. Matone yalikoma, siwezi kumdanganya mtu wa ofisi. Ila sasa ukifungua, maji hayatoki mdomoni mwa bomba. Yanatoka pale unaposhika, yanapanda kwenye mkono wa gauni mpaka kwapani. Jirani yangu Loyce alikuja kuchota, akaondoka na maji mengi zaidi mwilini kuliko kwenye ndoo. Alishukuru, kwa sababu ni mtu wa adabu, lakini siku hizi anachota kwa wengine.

3. KUHUSU KABATI LA JIKONI

Vishikio vya kabati vilikuwa vimeng'oka siku nyingi. Baba Ritha akachukua vigurudumu vya uzi vya cherehani yangu, akavipigilia misumari badala yake. Vimependeza, wageni wanavisifu. Tatizo ni kwamba uzi bado umo. Nikitaka kushona inabidi niburute cherehani mpaka jikoni na kukaa nayo mlangoni mwa kabati.

Hilo ningevumilia. Lakini alipomaliza vishikio akapiga rangi ya fedha, akaandika juu STOO A, na chini STOO B, kisha akaweka kufuli. Siku iliyofuata nikataka chumvi.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo siyo kipimo, Mama Ritha. Ya kazi gani?"

"Ya mboga utakayokula wewe."

Akaona sababu inatosha. Akafungua kufuli, akanipimia kijiko, akafunga. Hapo nilimwambia maneno kwa Kinyaturu, maana Kiswahili hakikunitosha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza kama nimeshakirudisha kijiko.

Ndugu Meneja, hapa kuna jambo linaloweza kuonekana linapunguza uzito wa malalamiko yangu. Nitalisema hivyo hivyo, maana barua ya nusu ni kama karatasi ya sukari.

Barua yenu ilipofika, Baba Ritha hakugusa mlango wala bomba. Masika yote alikaa kwenye kigoda pale kibarazani. Kila asubuhi ananyoa ndevu, anavaa koti la kaki, anafunga vifungo vyote, anakaa akitazama ghala. Binti yetu Ritha anamletea chai, chai inapoa. Watu wakipita wanamsalimu, anainua mkono tu. Nikimuuliza atakula nini, anatikisa kichwa. Siku moja lori la mfanyabiashara aliyelikodi ghala lenu likaja kupakia. Vijana wakawa wanarusha magunia humo bila mtu kuhesabu. Baba Ritha akasimama. Nikadhani anakwenda kuwagombeza, nikafurahi. Akasimama hivyo mpaka lori likaondoka, kisha akaingia ndani, akajilaza na koti lake. Hata kiatu hakuvua.

Kwa muda huo wote nilikuwa nalisikia lile bomba likidondosha, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa na neno la kusema katika nyumba hii. Kwa hiyo siwezi kusema tulikuwa na raha kabla ya msasa. Hatukuwa nayo. Lakini tulikuwa na milango.

4. KUHUSU VITI NA POSA YA BINTI YETU

Ritha ana mchumba, Simoni, kijana mpole anayefundisha shule ya msingi, kwao Kinyangiri. Wazee wa Simoni wakatuma habari kwamba wanakuja kuzungumzia mahari, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Naftali. Nikaosha vikombe, nikamchagua jogoo, nikaandaa na maneno ya kusema kama mama wa binti.

Baba Ritha akatazama viti vya sebuleni, akasema havifai kukaliwa na wakwe. Mnadani alikuwa amepata kopo la rangi ya kijani, zito kama uji wa mgonjwa. Ilitakiwa ilainishwe kwa mafuta ya taa, na wiki ile mafuta ya taa hayakuwepo Itigi nzima.

"Hii ni rangi ya mafuta," akaniambia, "na mkoa huu kama kuna kitu umejaaliwa, ni mafuta." Akamimina alizeti yangu.

Viti viling'aa ajabu. Asubuhi ya wageni akavigusa kwa mgongo wa kiganja, akatangaza vimekauka. Na ni kweli, kwa ubaridi wa asubuhi vilijifanya vikavu. Wageni wakafika jua likiwa limeshapanda, wakakaa. Mzee Naftali alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, ya rangi ya majivu, na mkewe alikuwa ameipiga pasi mpaka inasimama.

Wakala jogoo, wakasifu vishikio vya kabati. Mazungumzo ya mahari yakaanza vizuri. Kwa kawaida baba wa binti hukaa kimya na wazee wake ndio husema. Lakini walipotajwa ng'ombe, Baba Ritha akauliza, "Wako wapi?"

"Wako Kinyangiri," akajibu Mzee Naftali.

"Basi mimi siwezi kusema nimepokea. Mzigo ambao sijauona siupokei."

"Baba Ritha," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Wakaguliwe kwanza," akasema. "Meno, kwato, na afya kwa jumla."

Mzee Naftali akaweka kikombe chini. "Tumesafiri kutoka Kinyangiri, tumelala njiani, tukifikiri tunakuja kwa ndugu. Kumbe tumekuja kukaguliwa kama magunia ya karanga. Twendeni."

Nilimwona Ritha nyuma ya pazia, mkono mdomoni. Simoni alikuwa anatazama sakafu. Yule binti alikuwa ameshaanza kutarizi mashuka yake, na sasa maisha yake yalikuwa yanaondoka na baba mkubwa. Mzee Naftali akainuka kwa hasira.

Kiti kikainuka naye.

Hakuna aliyecheka. Mbele ya mkwe huwezi kucheka, hata ukitaka kufa. Mzee Naftali akasimama ameinama kidogo, kiti kikiwa mgongoni kama kobe, akafikiri. Kisha akarudi kukaa taratibu, akanyoosha tai, akasema, "Nimelitafakari upya. Tuendelee na mazungumzo."

Wazee wenzake wawili wakapenyeza vidole chini yao, wakapima hali ilivyo, nao wakasema kweli, ni vema tuendelee.

Hapo nikaona mabega ya Baba Ritha yanatikisika. Amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nikajua analia, nikasema haya sasa ndiyo mwisho wetu, mwanamume analia mbele ya wakwe. Nikamsogelea nimshike. Alikuwa anacheka. Ndugu Meneja, sijawahi kumsikia akicheka hivyo hata kabla hamjampunguza. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, machozi yanamtiririka, anashindwa kuomba radhi. Mzee Naftali akamtazama, akavumilia, akavumilia, kisha naye akaachia. "Antipasi," akasema, akishika kiti kisimtingishe, "umetufunga, ndugu yangu. Umetufunga!" Kufikia hapo hata Simoni alikuwa amegeukia ukuta.

Walikubaliana yote jioni ile. Ng'ombe wataonwa wakifika, na viti vitasuguliwa. Wazee waliondoka wamejifunga khanga zangu kiunoni, suruali zao zikabaki zimekaa sebuleni kwangu kama wageni ambao hawajaaga.

Sasa lalamiko langu ni nini? Ni hili. Kwanza, maneno niliyoyaandaa kama mama wa binti hayakusemwa. Pili, habari zimefika Mitundu na Manyoni kwamba nyumba ya Antipasi ina viti vinavyopatanisha watu. Mwenyekiti wa kijiji ameshatuma mtu kuviazima kwa kikao cha mipaka ya mashamba, na amesisitiza visisuguliwe.

5. KUHUSU WENGINE

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wale wote mliowapunguza hapa Itigi, yule mlinzi, yule karani, na yule wa mizani, wamesikia kuna shughuli. Asubuhi wanakuja wamenyoa ndevu. Kila mmoja analeta mlango wake mgongoni. Wanapiga msasa, wanabishana, wanakwenda kwa Bi Mwantum kununua sukari ambayo hawaihitaji ili wasome karatasi. Juzi wamechagua mwenyekiti. Nadhani unaona tunakoelekea. Watu ni wengi kuliko kazi, kila mtu anatoa maoni, na chai inatoka jikoni kwangu, baada ya mimi kueleza ni ya nani na kwa madhumuni gani. Hasara yote ya tawi la Itigi iko uani kwangu, Ndugu Meneja, na inaongezewa kikombe.

MAOMBI YANGU

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba mambo haya kwa heshima.

Kwanza, Baba Ritha arudishwe ghalani. Siombi ghala lenye mali, kwa kuwa najua mali haipo. Apewe chumba kitupu, ufunguo, na kiti ambacho hajakipiga rangi yeye. Utupu huo ataulinda vizuri, na hakuna mtu atakayeuchukua bila kibali. Koti analo.

Pili, kama hilo haliwezekani, basi nipunguzwe mimi. Nyumba hii sasa ina watu wawili kwa kazi ya mmoja, na nyie wenyewe mlitufundisha hali ikiwa hivyo kinafanyika nini. Niletewe barua yenye muhuri, nisomewe sababu mbele ya watu, nipewe kigoda nami nikae kibarazani nitazame treni. Nitainua mkono watu wakinisalimu.

Tatu, kama yote mawili yamekushinda, ongea na wenye magazeti. Wakifundisha kutoa mlango, kurudisha mlango kuwe upande ule ule wa karatasi.

Nakutegemea, kwa sababu ulipokuwa unatusomea sababu siku ile nilikuona mara mbili umeacha kusoma ukanywa maji, na mtu anayehitaji maji kusoma barua kama ile hawezi kuwa mbaya.

Wasalimie wote wa hapo ofisini: karani wa masijala, dereva aliyetuletea magodoro yetu, na yule mama wa chai anayewawekea tangawizi bila kuombwa. Baba Ritha angewasalimia, lakini yuko juu ya dari na haruhusu mtu kumwita. Bi Mwantum anakusalimu bila kukujua. Wanakwaya pia.

Ni mimi nisiye na kidole,

Febronia, Mama Ritha

NYONGEZA: Ndugu Meneja, barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa sababu Loyce ameshuka kwenye basi la Singida mchana huu, na amesema ofisi ya mkoa nayo imefungwa, na kwamba wewe pia umepewa barua yako. Anasema alipita kwako akakuona umekaa barazani, umevaa tai, hutazami kitu.

Sijui kama ni sahihi kuendelea kukuita Meneja. Pole sana, Ndugu Laurian. Yafute yote niliyoandika kuanzia namba moja.

Nilimwambia Baba Ritha, nikidhani atasema sasa nawe umeonja. Hakusema hivyo. Aliniuliza, "Na tai kabisa?" Nikamwambia ndivyo alivyosema Loyce. Akaenda kuosha brashi zake zote, akazifunga kwenye kitambaa. Anakuja kwako kwa basi la Alhamisi. Hatakuambia amekuja kukutazama. Atasema alikuwa anapita, akaona dirisha lako moja limelegea. Kama halijalegea, lilegeze kabla hajafika. Mwambie mama avumilie, kwa siku za mwanzo ataona nyumba inaharibika. Baadaye ataanza kusikia watu wanaongea.

Ila tuelewane kuhusu jambo moja. Sikukupa, nimekuazima. Naomba nirudishiwe kabla ya harusi ya Ritha, akiwa mzima kama nilivyomtoa, na ukimchelewesha nitaandika barua kali kuliko hii.